Nilimteremsha Mke Wangu Kwenye Gari ya Muhogo

Mie ni mjinga, na nnataka mlijue hilo mwanzo kabisa, msije mkanipotezea huruma zenu. Nililolifanya nililifanya kwa mkono wangu, na akili zangu timamu, tena huku najisifu. Jina langu sikupeni. Mji wenyewe mdogo, na walionicheka wanatosha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na kigari cha Kijapani, mtumba, nilichosaidiwa na binamu yangu aliyeko Maskati. Injini yake ndogo, ya kuchukua watu wanne na kikapu cha sokoni, basi. Mie nikikipangusa asubuhi na jioni, na kila magharibi nakipeleka Forodhani watu wakione. Wakione nini? Sijui mpaka leo.

Sisi ni wale watu wa mji wenye mlango mkubwa na dari inayovuja. Babu yangu alikuwa na mikarafuu upande wa Kizimbani. Mie nilikuwa karani wa ghala, mikarafuu naiona kwa wenyewe, lakini pua juu! Mke wangu Zuwena ni mtu wa huko huko Kizimbani, na mamake alikuwa mchumaji karafuu. Nilimpenda, sikatai. Ila nilimpenda kama mtu niliyemfanyia hisani, astaghfirullah.

Jirani yetu, Bwana Makame, naye kwao Kizimbani, alikuwa na pikapu ya kubebea muhogo. Kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Siku moja tunapanda kilima cha kwendea huko, mie na Zuwena na mwanetu Nasra, kigari kinahema, mara huyo Makame na magunia yake anatupita! Akapiga honi, akanipungia mkono. Masikini ananisalimia tu, mie nikaona ananidharau.

Sikulala vizuri. Kupitwa na muhogo!

Nilikuwa na gazeti la magari nililoletewa kutoka Maskati, la Kiingereza, nacho Kiingereza nakijua nusunusu. Nilifahamu moja tu: petroli ikizidi, nguvu inazidi. Maelezo ya chini yake sikuyasoma, picha zilinitosha.

Ndani ya kabureta kuna kijitundu kinachopimia petroli inayoingia kwenye injini. Mafundi wanakiita jeti. Nikaifungua ile jeti, nikaenda nayo Mlandege kwa rafiki yangu Seif, fundi saa, nikamwomba keekee yake nyembamba kuliko zote.

"Ya kutobolea nini?"

"Ya kupanulia jeti. Gari yangu inakufa njaa."

"Na weye, yakhe, umekuwa fundi gari tangu lini?"

"Kwani kuna nini hapo, Seif? Kutoboa tu!"

Akacheka, akanipa. Msimlaumu Seif. Yeye alidhani nafanya mzaha.

Nikapanua, gari ikanguruma. Nikafurahi, nikapanua tena! Ikawa inatoa moshi mweusi kama jiko la mafuta lenye utambi mbovu, na petroli inakunywa utadhani imetumwa. Nami barazani nawaambia watu kwa sauti kubwa kuwa hiyo ndiyo nguvu. Nguvu gani? Makelele matupu! Injini inataka petroli na hewa kwa kiasi chake, na mie nilikuwa naizamisha. Plagi zikijaa masizi kila mara, nazichomoa na kuzisugua kwa msasa nyuma ya nyumba, nisionekane.

"Baba Nasra," Zuwena aliniuliza siku moja, "mbona mtandio wangu unanuka petroli?"

Nikamjibu kuwa gari zenye nguvu ndivyo zinavyonuka. Hata haya sikuona.

Asubuhi moja Makame, katoka Kizimbani, akapiga hodi. Kuingia hakuingia. Alisimama pale pale mlangoni, kofia mkononi.

"Zuwena mwanangu, mama hatunaye. Alfajiri ya leo. Maziko baada ya sala ya adhuhuri. Nnarudi sasa hivi nikasaidie kuchimba, pandeni twende."

Na kwetu mnajua. Mwanamke hendi makaburini. Kumuona mamake kwa mara ya mwisho ni pale nyumbani, kabla jeneza halijatoka.

Zuwena alivaa buibui lake huku analia, akatoka, akapanda mbele kwa Makame. Alishapanda! Alishakaa! Na mie nikatoka na ufunguo mkononi.

"Shuka."

"Baba Nasra, twende tu."

"Shuka, nakwambia! Mke wangu hendi msibani na gari ya muhogo. Yangu ipo, na huyu tutampita njiani."

Makame akaniangalia. "Bwana, leo si siku ya hayo."

"Tangulia," nikamwambia.

Zuwena akashuka. Alishuka kwa kuwa mumewe kasema.

Mjini tulitoka vizuri. Kufika kwenye kile kilima, gari ikakohoa, ikamisi, ikazima. Nikapiga stata, wapi! Petroli imejaa, plagi zimerowa. Nikazichomoa, nikazifuta kwa kanzu yangu, nikapiga tena na tena mpaka betri ikafa. Nimeinama kwenye injini, kanzu nyeusi tititi, harufu ya petroli imetanda, na bado namwambia, "Dakika moja tu, Zuwena." Dakika moja! Lahaula!

Zuwena akafungua mlango, akavua viatu, akaanza kukipanda kilima kwa miguu. Nikamwita. Hakugeuka.

Mie nilifika baadaye, juu ya gari ya ng'ombe. Naam, ng'ombe! Mjukuu wa mwenye mikarafuu nimeketi juu ya makuti, na ng'ombe walikipanda kile kilima bila ya taabu yoyote.

Nilimkuta Zuwena amekaa kizingitini kwa mamake, miguu imejaa vumbi, wanawake wamemzunguka. Dada yake ndiye aliyesema nami.

"Tumekungojeeni, shemegi, mpaka imamu akasema basi. Makame kafika mapema, katwambia mnakuja nyuma yake, kenda kuchimba. Tukajua hamko mbali."

Zuwena alikutana na jeneza njiani, wanaume wamelibeba. Alisimama kando, likapita.

Kigari hakikumaliza mwezi. Petroli ilikuwa imeosha oili yote ndani, injini ikalika, nikakiuza kwa muuza vyuma. Hicho sikijutii hata kidogo, na anayenipa pole ya gari namwona hajafahamu kitu.

Zuwena hakudai talaka. Hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana. Ilipokwisha khitma aliniuliza neno moja, huku anakunja miswala.

"Mama angeniuliza nimekuja na gari gani?"



Tangu hapo akitaka kwenda kwao haniambii. Namsikia tu Makame anapiga honi. Zuwena anatoka, anapanda mbele, pale pale nilipomteremsha, na mie natoka nikaufunge ule mlango kwa kamba, kwa kuwa kwa ndani haufungiki. Makame ananishukuru. Zuwena ananitazama mikono mpaka nimalize fundo.

Sasa nyie mabwana wa barazani, nyie mnaosoma picha mkajiita mainjinia! Toboeni mtakavyo. Injini zenu, petroli yenu, na moshi mtauvuta wenyewe. Lakini mkeo akiwa amelia, amevaa, keshapanda gari ya mtu aliyemjia kwa wema, iwe ya muhogo, iwe ya mbolea, usitoke na ufunguo wako. Mwache aende.