Kizibao cha Mistari Nilichojifumia

Kiangazi kilichopita nilijifumia kizibao. Wanawake niliojifunza nao kufuma wakilisikia hilo watanicheka, maana sisi hatukufundishwa kujifumia.

Nilikulia kambini, Tanzania, upande wa Kigoma. Huko mama mmoja wa kanisani alitukusanya wasichana kumi na kitu akatufundisha kufuma kwa kulabu. Kulabu zenyewe zilikuwa spoku za baiskeli, zimekunjwa ncha kwa koleo na kusuguliwa kwenye jiwe mpaka zikaacha kushika uzi. Tulikaa wawili wawili, na sheria ya mama yule ilikuwa moja tu: unamfumia mwenzako, na mwenzako anakufumia wewe. Alisema hakuna mtu anayeweza kuupima mgongo wake mwenyewe, na anayejaribu hujidanganya kwa kujipunguzia kiuno.

Kipimo chetu kilikuwa kamba ya katani yenye mafundo manne. Nafasi ya kwanza ni bega hadi bega, ya pili ni shingo hadi kiuno, ya tatu ni kuzunguka kifua. Kamba ya mwili wangu alikaa nayo mwenzangu. Ya mwili wake nilikaa nayo mimi. Yeye alikuwa mrefu na mwembamba, mimi mfupi na mabega ya kubebea magunia, lakini watu walituita mapacha kwa sababu ukimwona mmoja, wa pili hayuko mbali. Alinifumia sweta tatu nikiwa msichana na moja nikiwa mjamzito, na zote zilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kununua.

Kambi ilipofungwa tulirudishwa Burundi sote wawili wiki ile ile. Mimi gari lilinileta Gitega, kwenye mlima wa baba mkwe wangu huko Bugendana, maana Burundi kijiji ni mlima. Yeye alishushwa Muyinga, mkoa mwingine, kaskazini. Tuliagana vibaya, kila mtu akigombania godoro lake lisipakiwe kwenye gari la wengine.

Bugendana si pabaya. Maharage yanakubali, migomba inakubali, na majirani hawajawahi kunitukana. Lakini mpaka leo mimi ni yule wa Tanzania. Kirundi changu kinafika kwa kuchelewa: watu wanacheka, mimi bado natafuta kichekesho kiko wapi, nikikipata wameshaingia habari nyingine. Mume wangu alifariki mwaka wa pili baada ya kurudi. Mwanangu alikwenda Bujumbura kuuza vifuniko vya simu, na akija ni mara moja kwa mwaka. Kuna siku sauti yangu naisikia ninapofukuza kuku tu. Upweke wa mlimani ni wa namna yake, maana unawaona watu kutwa nzima wakipita njiani na majembe, wanakusalimia vizuri, na hakuna hata mmoja anayekujua ulikuwa nani kabla hujafika pale.

Aliyenijua alikuwa mmoja, na alikuwa Muyinga, na hakuja.

Hapo lazima nieleze kinyongo changu. Kwetu, anayehamia ndiye anayetembelewa. Ukiingia kwenye nyumba mpya huendi kwa watu. Unafagia, unakaa, nao wanakuja kuiona nyumba na chochote mkononi, hata nusu kilo ya sukari. Mimi nilikaa. Niliwapokea wazee wa mume wangu, nikawapokea wa kanisani, na hata mwanamke mmoja wa Ryansoro aliyekosea nyumba nikampa chai. Mwenzangu hakuja. Mume wangu alipofariki alinipigia simu, akalia vizuri sana, kisha salio likaisha. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa kulia kwa simu! Mimi ni mwepesi wa kununa, nakiri. Kinyongo kile nilikilisha mpaka kikanenepa.

Basi, miaka ikapita zaidi ya kumi, na kiangazi kile asubuhi zikawa za baridi kweli kweli, baridi ile ya Gitega inayokuingia magotini kabla hujavuka kizingiti. Nikasema, nani atanifumia? Nitajifumia mwenyewe, na mama wa kanisani anisamehe huko aliko.

Uzi mpya wa dukani ni wa wenye mishahara. Mimi nilishuka mjini Gitega siku ya soko nikaingia kwenye kaguwa, ile mitumba inayomwagwa juu ya turubai, nikachagua sweta mbovu. Wauzaji walishangaa, maana nilikuwa naangalia rangi tu, matundu sikuyajali. Nilipata ya chungwa yenye doa la chai kifuani, zambarau ya mtoto, kijani ya mtu mnene sana, na buluu ya shule iliyotoboka viwiko, labda ya mwanafunzi wa shule za Mushasha, pale pale mjini, aliyelalia sana madawati. Nyumbani nilizifumua zote, nikazungushia uzi kwenye miguu ya kiti, nikauosha hapo hapo na kuuacha ukauke ili unyooke. Kwa siku mbili sikuwa na kiti cha kukalia, nikala nimesimama.

Kulabu yangu ya spoku ilikuwa bado kwenye kopo la maziwa ya unga, na chini yake kamba ya katani, imejikunja kama mnyoo. Nilifurahi kuiona. Nilipima kwayo, nikahesabu vitanzi vya mnyororo wa kuanzia, nikaanza.

Mistari niliipanga kwa tamaa. Chungwa pana, zambarau nyembamba, kijani, tena chungwa, buluu mbili zimefuatana. Mimi niliyezoea kuvaa vitenge vya rangi ya udongo ili nisionekane, sasa nilikuwa najifumia nguo ambayo mtu angeiona kutoka mlima wa pili. Nilifuma baada ya shamba, nimekaa mbele ya nyumba jua likinipiga mgongoni, na sitaficha: nilikuwa na furaha. Jirani mmoja alisimama akauliza ni ya nani. Nikamjibu ni yangu. Akaitikia kwa kichwa, akasubiri niseme neno lingine, nami nikarudi kwenye kulabu.

Siku nilipofunga uzi wa mwisho nilikivaa. Kilishuka mpaka mapajani, na mbele pande mbili hazikutaka kukutana kabisa. Nilivuta, nikabana pumzi, nikajiambia nimenenepa. Halafu nikakumbuka. Kamba iliyokuwa kwenye kopo langu haikuwa ya mwili wangu. Haijawahi kuwa yangu hata siku moja, ndiyo maana ilikuwa kwangu.

Nilikaa chini nikacheka, kisha nikalia, na kule kulia kulichukua muda mrefu zaidi.

Mtu mwenye akili angekifumua akaanza upya. Mimi nilikikunja ndani ya kitenge na kesho yake nikapanda gari la Muyinga, kwa njia ya Karuzi. Nilijiambia nampelekea zawadi. Uongo. Nilikuwa nakwenda kuona kama bado kuna mtu mmoja duniani anayenijua. Kama hayupo, basi nirudi nikijua hivyo, niache kungoja.

Kumpata hakukuwa kazi. Niliuliza sokoni, wakanionyesha duka la vitenge kwenye mtaa wa Waislamu, nyuma yake nyumba yenye geti la bati. Aliolewa na mfanyabiashara wa pale, akasilimu. Alikuwa amejifunga mtandio, na amenenepa mara mbili ya yule niliyemjua. Nilimtambua kwa jinsi alivyoshika mkasi.

“Wallahi, ni we?” alisema. “Mi nikasema, ni nani uyu anasimama ku mlango? Ingia, mama, ingia!”

Kiswahili chake kilikuwa kimekuwa cha Muyinga. Hilo peke yake lilinichoma, kana kwamba alipaswa kunitunzia kile cha kambini. Alinikumbatia, akanikalisha kwenye kochi, akaagiza Fanta, akaleta wali na maharage na nyama. Lakini nyumba ilikuwa imejaa: wifi zake, watoto, mafundi wa cherehani, wateja wanaoingia bila kubisha. Kila nilipofungua mdomo simu yake ililia. Mteja mmoja akaniangalia, akauliza, “Na uyu mgeni, ni nani?”

“Ni mama moja tulikuwaka naye kambini,” akajibu, huku anapima kitambaa.

Mama mmoja. Kambini tulikuwa maelfu.

Wateja walipopungua nikatoa kizibao. Alikipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya mistari, akakigeuza kuangalia nyuma kama nimeficha vizuri ncha za uzi. Hapo kwa dakika moja alikuwa yeye. Akajaribu kukivaa juu ya dera lake. Mkono mmoja uliingia, wa pili ukakataa. Wifi zake wakaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote.

“Iyi jile, iyi kizibao yako, ni ya mutu mwembamba. Ule ulikuwa unamufumia hayuko tena, mama. Nilimumeza!”

Mimi sikucheka. Yaliyokuwa yamelala miaka yote yakanitoka, mbele ya wifi zake, bila adabu yoyote: “Hukuja kuona nyumba yangu.”

Wifi zake wakakumbuka kazi za jikoni. Yeye alikiweka kizibao juu ya mkono wa kochi, akakaa karibu nami, na mara ya kwanza tangu nifike hakuitikia simu.

“Na we,” alisema, “ulikuja kuona yangu?”

Nikafungua mdomo kumweleza kwamba anayehamia ndiye anayetembelewa. Sikumaliza. Yeye naye alikuwa amehamia. Tulishuka kwenye magari wiki moja, kila mmoja akaingia nyumba mpya, kila mmoja akafagia na kukaa.

“Mi nilikungojea,” akasema. “Na wakati mutoto wangu alikufa, we ulinipigia simu. Mi nikasema, iyo simu ni ya kusema uko njiani. Nikaazima viti ine kwa jirani, nikaweka inje. Siku tatu. Siku ya ine, mwenye viti akakuja kuvichukua, alikuwa na harusi.”

Nilipoeleza kinyongo changu hapo juu, hili sikuliandika. Sikulificha kwa ujanja. Nilikuwa nimelisahau. Simu yake nilipofiwa niliikumbuka neno kwa neno kwa miaka yote, mpaka sekunde salio lilipoisha. Simu yangu alipofiwa yeye nilikuwa nimeipiga, nikasema pole, nikaenda kupalilia maharage, nikaona nimelipa. Nilijiona mtu mpweke kuliko wote Burundi, na haikunijia hata mara moja kwamba Muyinga kuna mwanamke mgeni kama mimi, ameketi nje na viti vya kuazima, anatazama barabara inayotoka Gitega.

Sikumwomba msamaha. Ningependa kuandika kwamba nilimwomba. Nilimshika mkono tu, ule uliokuwa na mkasi, na tukakaa hivyo mpaka mteja mwingine akabisha.

Saa tisa akanisindikiza mpaka kwenye magari. Tulitembea bila maneno mengi, maana hatukuwa na habari za kuzungumza, tulikuwa na miaka tu. Nilimwambia karibu Bugendana. Akasema inshallah, akiwa anaangalia upande wa dukani, na wote tulijua duka lile halimpi mtu ruhusa. Kizibao kilibaki kwenye mkono wa kochi, hakuna kati yetu aliyekikumbuka.

Nilikuwa nimeshakaa kitini, dirisha liko wazi, ndipo nikatambua kwamba jina la yule mtoto silijui. Nilimpa pole kwa mtoto ambaye sikuwahi kuuliza anaitwaje. Nikainama dirishani nikamwuliza.

Akavuta mtandio.

“Iyo, hakuna mutu ananiulizaka,” alisema.

Kisha akalitaja. Lilikuwa jina refu la Kiislamu, na ulimi wangu haukulizoea. Nikalirudia nikalikosea. Akanisahihisha, nikalikosea tena, akalisema polepole, sehemu kwa sehemu, akiwa ameshika ukingo wa dirisha. Dereva alikuwa amewasha gari. Nikalirudia mpaka likakaa sawa, naye akasema, “Eee, ni yeye.”