Upande wa Ukutani

Mtaani kwetu kuna watu wanasema wifi yangu ana moyo wa jiwe. Wanasema pembeni, mbele yangu hawathubutu, maana mdomo wangu mimi hauna likizo. Nimeishi naye mlango kwa mlango tangu mdogo wangu alipomwoa. Chumba chao na changu vinagawana ukuta wa mbao, mtu akipiga chafya kule, mimi huku nasema pole. Kwa hiyo habari zake niulizwe mimi, nisiulizwe majirani.

Mdogo wangu ni mwokaji. Kazi yake ilikuwa ya usiku, anarudi asubuhi mweupe mpaka kope, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Unga. Mke wake anafua mashuka ya hospitali, anatoka kabla jua halijachomoza. Alitokea nchi ya jirani kutafuta kazi, akawa ananunua mikate ya jana kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda chao Unga. Sijui waliambiana nini pale mlangoni. Nilichosikia ni kwamba siku moja alipewa mkate wa leo, na mengine yakafuata.

Na ndoa yenyewe ikawa ya mlangoni vilevile. Ufunguo ulikuwa mmoja. Huyu anaingia na mkate wa moto umefungwa kwenye gazeti, yule anatoka amejifunga kitambaa kichwani. Mkate unakwenda huku, ufunguo unakuja huku, wanacheka kidogo, kila mtu anashika njia yake. Jioni hivyohivyo, kinyume chake. Kile kitanda kilikuwa hakipoi. Jumapili ndiyo siku yao, wanakaa kizingitini kutwa nzima wanaongea, utadhani wametoka kukutana. Niliwahi kumwambia wifi, "Nyie mna maneno mengi kwa sababu hamchokani." Akanijibu, "Wifi, usituonee wivu, tafuta wako." Mjinga yule!

Jambo moja tu lilimnyima raha: mama yake. Mama alikuwa kwao, ng'ambo ya mpaka, macho yameanza kuingia giza. Hati ya kusafiria ya wifi ilikuwa imekwisha muda, na kuipata mpya ilikuwa lazima arudi kwao. Akirudi kwao, kuingia tena huku ni kubahatisha. Basi wakaomba uraia kwa njia ya ndoa. Kila Jumapili alimpigia mama simu, na kila Jumapili alimwambia neno lilelile: "Nikipata tu, mama, nakuja. Nakuona, narudi kwa mume wangu." Mama naye anaomba aongee na mkwe, anamuuliza, "Umekula, mwanangu?" Unga anajibu amekula, hata kama hajala.

Wakaitwa kuhojiwa. Nilikwenda nao, nikaketi kwenye benchi la nje. Wakawatenganisha, huyu chumba hiki, yule chumba kile, milango wazi kwa sababu ya joto. Aliyekuwa akiwahoji ni bwana mmoja wa miwani, anatoka huku anaingia kule. Akauliza mume anakunywa chai ya namna gani, mke ana kovu wapi, mambo ya aibu aibu. Wakajibu sawasawa. Nikaanza kutabasamu.

"Unalala upande gani wa kitanda?" akamuuliza wifi.

"Ukutani."

Akavuka kwa mdogo wangu. "Na wewe?"

"Ukutani, mheshimiwa."

"Mkeo je?"

"Naye ukutani."

Jamani! Walikuwa wanasema kweli. Chaga la upande wa nje lilikuwa limevunjika zamani, ukilala huko unaamkia sakafuni, kwa hiyo yeyote aliyekuwa na zamu ya kulala alilala ukutani. Bwana wa miwani akawaita wote wawili chumba kimoja.

"Hicho kitanda kina kuta ngapi?"

Na mdogo wangu, ambaye Mungu hakumpa hata chembe ya ujanja, akasema, "Huwa hatulali pamoja, mheshimiwa."

Nilijishika kichwa. Wakaanza kueleza habari za zamu, za mikate, za mashuka. Yule bwana akasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Akasema ndoa ya kupokezana hajawahi kuiona. Hakuwakataa moja kwa moja. Alisema watakuja nyumbani siku yoyote, bila taarifa, wajionee. Halafu akamgeukia wifi: "Na wewe, usitoke nchini. Ukivuka mpaka kabla hatujamaliza, faili limefungwa."

Unga akaomba zamu ya mchana ili usiku akutwe kitandani. Kazi ya mchana waliyokuwa nayo ni kubeba magunia, ya oveni ilikuwa na wenyewe. Akakubali. Akarudisha chaga kwa misumari na kamba, wakaanza kulala kama watu wengine, naye kwa unyonge akalala upande wa nje. Ndipo wifi akagundua kuwa mumewe anakoroma. Mimi nilikuwa najua miaka yote, nililala naye chumba kimoja utotoni. Nikawa nawasikia usiku: "Geuka basi." "Nimeshageuka." "Geuka tena." Asubuhi macho mekundu wote wawili, mkate wa moto hakuna, kicheko cha mlangoni hakuna. Siku zikapita, wageni wenyewe hawakuja. Kila gari likisimama nje, wifi anakimbia kutandika kitanda. Iliniuma kuona watu waliokuwa na ndoa nzuri wanaigiza ndoa.

Halafu siku moja akarudi kazini mapema, mikono bado imekunjamana kwa maji ya sabuni. Akakaa kizingitini. Nikaacha cherehani yangu, nikamfuata.

"Kaka amepiga simu," akasema. "Mama."

Nikaelewa mama hayupo tena. Alilia mpaka sauti ikakauka. Alipotulia aliingia ndani, akatoa begi, akatia magauni mawili na shuka jipya la kumfunika mama, akafunga zipu. Unga aliporudi akalikuta begi katikati ya chumba na mke wake amesimama juu yake.

"Nikienda," akauliza, "nitarudi?"

Mimi nilitaka kumwambia nenda, mama hazikwi mara mbili. Nikamwangalia mdogo wangu, nikameza.

Unga akaketi chini na vumbi lake la magunia. Akafikiri, maana yeye akifikiri unamwona. Akasema, "Nitakwenda mimi."

"Wewe?" nikamkemea. "Utamzika mama wa watu ambaye hata sura yake huijui?"

"Sauti yake naijua, dada."

Akafungua lile begi. Akatoa magauni, moja moja, akayalaza kitandani taratibu, akatia mashati yake. Shuka akaliacha humohumo. Wifi alimtazama anafanya hivyo, akamshika mkono, akauachia. Jioni ileile Unga akaondoka, na hati yake ya kusafiria isiyo na doa, kwenda mahali ambapo mwenyewe mwenye msiba alikuwa hawezi kukanyaga.

Sasa sikilizeni maajabu. Miezi yote ile watu wa uraia walikuwa hawaji. Wakaja siku ya mazishi.

Walikuwa wawili, bwana wa miwani na mwanamke mmoja kijana. Walimkuta wifi amekaa kitandani peke yake, upande wa ukutani, macho yamevimba.

"Mumeo yuko wapi?"

"Amekwenda kwetu. Kumzika mama yangu."

Bwana wa miwani akamtazama yule kijana, akamrudia wifi. "Mama yako anazikwa, mume amekwenda, wewe mtoto umebaki hapa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mliniambia nisitoke."

Akatikisa kichwa. "Mama, msiba ni msiba. Hakuna mtoto anayefanya hivyo. Ungesema tu mumeo alishakukimbia, tukajua moja."

Mimi nilikuwa mlangoni nasikiliza. Niliingia, nikawapasulia palepale, nikasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nikasema mmemfunga mtu kamba kisha mnamuuliza kwa nini hatembei, na mengine yasiyofaa kurudiwa. Wifi akanivuta gauni kwa nyuma. "Wifi, acha. Wataandika." Nikaacha. Wakaandika hata hivyo. Walipotoka, jirani wa mbele aliyekuwa anasikiliza akapeleka habari kisimani: yule mgeni kakataa kumzika mama yake kwa ajili ya uraia. Ndiyo huo moyo wa jiwe wanaousema.

Unga alirudi amekonda, na udongo mwekundu kwenye kucha, na shuka amerudi nalo, maana alikuta mama ameshavishwa sanda. Nilipomsimulia hakufoka, yeye kufoka hajui. Kesho yake akaenda ofisini na simu yake. Shemeji yake alikuwa amepiga picha: Unga amesimama ndani ya kaburi, udongo unamfika mabegani, mikono juu, anampokea mama mkwe. Bwana wa miwani aliisogeza karibu na macho. Akamuuliza, "Huyu ni wewe?" Akasema ni yeye. Akaambiwa, "Mtaitwa."

Mvua ziliisha, zikaja nyingine, ndipo wakaitwa. Uraia ulitoka. Siku ya kiapo nilivaa gauni jipya nililojishonea, nikajiandaa na vigelegele vyangu. Walisimama watu wengi ukumbini, mkono wa kulia juu. Wifi akatamka na wenzake kwamba anaukana uraia wa nchi aliyozaliwa, hana deni nayo la utii tena. Sauti yake niliisikia kati ya sauti zote, haikutetemeka. Watu wakapiga makofi. Vigelegele vyangu vilikataa kutoka.

Nyumbani Unga akamwambia, "Sasa twende."

Nilikwenda nao, nani angeniacha. Mpakani kuna madirisha mawili, la wenyeji na la wageni. Wifi kwa mazoea akasimama kwenye la wenyeji, akamsalimia askari kwa lugha ya kwao. Askari akafurahi, akapokea hati, akaiona, akamwelekeza dirisha la pili. Alikuwa mpole, sina la kumlaumu. Wifi akaja akasimama nyuma yetu.

Kwao ni mbali kutoka barabarani, na njia Unga ndiye aliyetangulia, maana siku hizi kumejengwa, wifi alipotea mara mbili. Tulipokaribia uani watoto wa kaka yake wakatuona, wakatimua mbio. "Mkwe kaja! Mkwe kaja!" Wakamning'inia Unga shingoni, mmoja akawa anampapasa mifuko. Wifi akasimama kando na begi lake. Watoto wale wote walizaliwa yeye hayupo.

Msichana mkubwa akamtazama juu mpaka chini. "Huyu mgeni ni nani?"

"Huyu ndiye shangazi yenu," akasema Unga.

Mtoto akafikiri. Hakuwa na ubaya, mtoto husema alichosikia kwa wakubwa. "Yule aliyekataa kuja kumzika bibi?"

Unga akafungua kinywa kumtetea, wifi akamgusa bega. "Ndiye," akamjibu mtoto. Akaweka begi chini, akatoa shuka, akavua viatu.

Nyuma ya nyumba makaburi yalikuwa mengi, mengine mapya, na majani yalikuwa yamepanda. Akasimama katikati yao, anageuka huku, anageuka kule. Unga akamshika mkono, akampitisha, akamsimamisha mbele ya moja.

"Ni hapa."

Wifi akapiga magoti. Akalikunjua lile shuka alilolishika mkononi, kisha akasita, hajui alilaze vipi.

"Kichwa kiko upande gani?" akamuuliza mumewe.

"Huku," akasema mdogo wangu, akamwonyesha.