Kilo Ambazo Hazikuandikwa

Mselem Khatib alikuwa mtu wa kuandika. Miaka kumi na minne alitunza stoo ya kiwanda cha mabomba, na hapana skrubu iliyotoka mle bila yeye kujua imekwenda wapi. Nyumbani kwake ughaibuni, mtaa wa Small Heath, mambo yalikuwa hayo hayo. Siku balbu ilipobadilishwa, siku boila ya maji moto ilipoanza kulia, yote yamo daftarini. Mkewe Mwanakhamis, dereva wa basi la ghorofa kwenye Barabara ya Coventry, aliwaambia wageni kwamba yeye akifa ghafla mumewe ataandika kwanza saa, ndipo alie.

Jambo moja tu alilifanya bila kulipima. Alinunua gari, Mustang ya mwaka 1969, nyekundu iliyopauka, usukani upande wa kushoto kama yalivyo magari ya Kimarekani. Kwenye njia iliyonyooka lilikwenda kama mshale. Kona ndizo zilizolishinda. Likifika kwenye kona lilijilaza ubavu kama mzee anayetafuta mto.

Na Mselem alilitakia kona. Nje ya mji, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, klabu moja ya magari ilikuwa ikifanya mashindano ya koni. Koni hupangwa juu ya lami kama vichochoro, gari hupita moja moja kushindana na saa, na kila koni ikiguswa huongezwa sekunde tano. Misimu miwili Mselem alirudi mkiani. Mwanzo wa mwaka 2006 Mwanakhamis akamkalisha kitako.

"Baba Feisal, gari hili limekula banda, limekula Jumamosi zako, na bado halijui kugeuka. Idd analitaka kwa biashara yake ya kukodisha magari ya harusi. Huko litakwenda moja kwa moja, polepole, na utepe mweupe juu."

Mselem akahisi kama ameambiwa farasi wake anakwenda kuvuta mkokoteni wa maua.

"Nipe msimu huu."

"Msimu huu likiingia tatu bora, libaki. Lisipoingia, Idd aje na utepe wake."

"Naam," akasema Mselem, na akaiandika ahadi hiyo pamoja na tarehe.

Fedha za vifaa vipya hakuwa nazo, kwa hiyo kila kitu kilitoka skrepa au mikononi mwake. Alipata springi za mbele za gari zito zaidi, akazikata mzunguko mmoja na nusu ili pua ya gari ishuke. Zile za nyuma, vyuma vilivyopangana kama vya lori, alizifungua chuma kimoja kimoja akavisugua kutu. Shokapu alizipata zilizotumika, akazichagua kwa kuzikandamiza kwa mkono na kuhesabu zinarudi kwa muda gani. Magurudumu aliyanyoosha kwa uzi uliofungwa pande zote mbili za gari. Kazi aliifanyia kwenye gereji ya Baldev, kule Balsall Heath. Baldev alizaliwa Kisumu, babake alikuwa fundi wa reli, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina mafuta ya treni.

"Mzee Mselem," Baldev alisema akiutazama ule uzi, "hii gari unatengeneza ama unashonea suruali?"

Kazi ya mwisho ilikuwa kupima uzito unaokaa juu ya kila gurudumu. Wenye nacho wana mitambo ya kupimia. Mselem alikuwa na mizani nne za bafuni kutoka maduka ya mitumba, na mbao nne. Gurudumu liliukanyaga ubao karibu na ncha iliyokaa sakafuni, mizani ikakaa chini ya ncha ya pili, kwa hiyo mizani ilibeba robo tu ya mzigo. Alisoma, akazidisha kwa nne, akaandika. Kisha aliongeza au kupunguza vipande vya bamba chini ya springi, mpaka pande mbili, kushoto na kulia, zilingane.

Lakini gari halishindani likiwa tupu, lazima kitini pawe na mtu. Mselem alikusudia kuweka magunia ya mchele, na alikuwa nayo tayari. Siku yenyewe ilipofika, magunia yalikwishakwenda kwenye hitima ya jirani.

"Basi nikae miye," Mwanakhamis akasema, "nikitoka zamu."

Akakaa. Mselem akapiga magoti kusoma mizani. Alipofika kwenye mstari wa uzito wa dereva, akainua kichwa na kalamu.

"Usithubutu," Mwanakhamis akasema kutoka dirishani. "Uzito wangu hauandikwi kwenye daftari linalosomwa gereji."

Mselem alimheshimu. Pale akachora kistari. Jioni ya pili akakaa tena yeye, na ya tatu, miezi miwili, na kila mara Mselem alichora kistari chake vizuri kwa rula.

Shindano la mwisho lilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani. Kila gari liliruhusiwa madereva wawili, mizunguko mitatu kila mmoja. Mselem alijiandikisha na Baldev.

Mzunguko wa kwanza ulimtoa Mselem jasho. Kona za kushoto gari lilikata kama wembe. Za kulia, pua ilikataa, ikasukuma moja kwa moja hadi kwenye koni. Wa pili vile vile. Wa tatu hakugusa kitu, na Rajni, mama aliyeshika saa, akasoma sekunde sitini na moja na nusu. Aliyeshikilia nafasi ya tatu alikuwa na hamsini na tisa. Mselem alisimama kando ya gari akipekua daftari. Pande mbili zililingana. Alikuwa ameziona mwenyewe kwa macho yake.

Idd naye alikuwa amekwishafika, anapima boneti kwa shubiri za mkono apate urefu wa utepe.

Likabaki tumaini la Baldev. Lakini Baldev alipoinama kukagua tairi, mgongo ulimkaza, hakuinuka tena ila kwa kushikwa. Wakamlaza kwenye nyasi.

"Imeisha, mzee," akasema. "Mimi siwezi ingia hata mkinibeba."

Mwanakhamis, aliyekuja na sambusa na kushuhudia ahadi, akaweka chini chupa ya chai.

"Jina la pili nipeni miye."

Mselem akamtazama. "Hujapata kuliendesha."

"Nimekaa kwenye kiti hiki miezi miwili. Leo kiache kiende."

Rajni akabadilisha jina. Mwanakhamis akafunga mtandio vizuri, akavuta kiti mbele.

Mzunguko wa kwanza alikwenda taratibu, sekunde sitini na tatu. Wa pili sitini kamili. Mselem alitaka kuandika, kalamu ikabaki hewani. Alichokuwa akikiona hakikuwa gari lake. Mkewe alifunga breki mapema, akaiachia kabla ya kugeuza, na lile gari likageuka kulia kama linavyogeuka kushoto, bila kujilaza, bila kelele.

Wa tatu, Rajni akasoma saa, akaipigapiga kwa kidole, akasoma tena. Hamsini na nane nukta sita. Hapana koni iliyoguswa, na nafasi ya tatu ikawa yao.

Mselem alikaa juu ya lami.

"Lete hiyo kitabu," Baldev akasema kutoka kwenye nyasi. Akapekua, kidole kikasimama. "Hapa kwa dereva iko kistari tu. Nani alikaa?"

"Mama Feisal."

"Miezi mbili yote?"

"Yote."

Baldev akacheka, mgongo ukamkomesha. "Mzee, wewe uko karibu kilo mia. Umepima gari kwa mama, halafu umeingia wewe. Upande ya kushoto umeikalia yote. Itageukaje kulia?"

Mselem akainama juu ya daftari. Miaka kumi na minne ya stoo, na kosa limekaa katikati ya ukurasa, limepigiwa rula.

"Basi ni uzito," akasema hatimaye.

"Uzito ni kidogo. Ile ingine ni mguu. Uliona breki?"

"Nina abiria sitini, nusu wamesimama, na bibi mwenye mayai," Mwanakhamis akasema, akimimina chai. "Ukiwatupa kwenye kona watakusema mpaka kituo cha mwisho."

Miaka kumi na tisa ya ndoa. Mselem alijua saa za zamu za mkewe, nambari za mabasi yake, siku alizougua. Hakuwahi hata siku moja kupanda basi lake.

Idd aliondoka bila kuaga. Mselem akashika kalamu.

"Mama Feisal, naomba idhini. Ile namba."

Mwanakhamis akamtazama Baldev mpaka yule fundi akageuza uso upande wa pili kwa taabu. Kisha akainama, akamnong'oneza mumewe sikioni.

Mselem akaandika palipokuwa na kistari, na kando yake jina la dereva. Halafu akaweka tarehe, na akaukosea mwaka.