Tiketi ya Kupakatwa

Edina wa kijiji cha Ukata alimlea mjukuu wake Raimundi tangu mtoto alipoachishwa ziwa. Mama yake, Glorious, alikuwa amepata kazi ya uuguzi Dar es Salaam, akaahidi kumchukua mwanawe akipata nyumba. Sasa nyumba ilikuwa imepatikana. Tatizo lilikuwa kwamba Raimundi na basi walikuwa hawapatani. Kwenda Songea tu alitapika hadi akalegea. Glorious akasema waje kwa ndege, gharama juu yake.

"Tutakuja tukimaliza kuvuna kahawa," Edina alimjibu. Kahawa ilikuwa kisingizio. Hakutaka siku hiyo ifike.

Hata hivyo akaenda Mbinga mjini kuulizia, mtoto mgongoni. Muuza tiketi, kijana aitwaye Azizi, alimwamkia shikamoo, akamwekea kiti, kisha akamgeuzia kompyuta aone.

"Nauli ndiyo hii, mama. Lakini siyo yote utakayolipa. Juu yake kuna kodi ya serikali, VAT, tena kuna tozo za kiwanja cha ndege na za usalama."

"Na huyu naye anatozwa?" Edina aliuliza, akimgeuzia mgongo. "Hajavuna hata punje moja ya kahawa!"

Azizi akacheka. "Alizaliwa lini?"

Edina akamtajia, akaongeza kwamba wanangoja wamalize kuvuna kahawa.

"Basi bado hajafikisha miaka miwili. Analipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, pamoja na kodi yake. Tozo ya kiwanja amesamehewa. Ila hapewi kiti, utampakata. Mkingoja mavuno yaishe atakuwa ametimiza miaka miwili, na hapo atalipiwa kiti na tozo zote kama wewe."

"Akae peke yake?"

"Pembeni yako, mama. Afungwe mkanda wake."

Edina akapiga hesabu. Akingoja, angebaki na mtoto msimu mzima. Lakini alimkumbuka Glorious, ambaye kila akipiga simu humwomba amwekee mtoto sikioni, hata kama amelala, amsikie akihema. Na hilo neno kupakata lilikuwa limemwingia.

"Nikatie ya kupakatwa," alisema. "Ya wiki ijayo."

Ndege iliporuka kutoka Songea, Raimundi alishangaa mawingu kidogo tu, akalala kifuani pa bibi yake. Mkono wa Edina ulikufa ganzi. Hakuusogeza.

Dar es Salaam, Glorious alikuwa amesimama mlangoni pa kiwanja cha ndege na sare zake za kazi. Mtoto alipomwona alificha uso shingoni mwa bibi. Glorious akarudisha mikono aliyokuwa ameinyoosha, machozi yakimlengalenga.

"Usimlazimishe, mwanangu," Edina alimwambia. Akamkabidhi mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa Ziwa Nyasa kutoka Mbamba Bay. "Wewe kula tu."

Glorious akaketi sakafuni, watu wakipita na mizigo yao, akaanza kutafuna wale samaki wadogo mmoja mmoja. Raimundi akachungulia. Akateremka. Akanyoosha mkono, akapewa mmoja, kisha wa pili, na kwa wa tatu akajikalisha mwenyewe kwenye mapaja ya mama yake, akitafuna.

Edina alibaki nao mwezi mzima. Kahawa yake ilivunwa na majirani.