Watoto Watano wa Mwansa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo: siku shangazi yangu alipokataa kumsaidia mtu niliyempenda. Imenirudia jana, nilipokukuta umekunja uso juu ya ile fomu ya kodi ya mapato ya huko ng'ambo unakosoma, ukaniuliza, "Bibi, hata mwanafunzi alipe kodi? Tena mgeni?" Kaa basi. Chai ipo.

Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, na redio za Kariakoo zilikuwa hazina wimbo mwingine ila kujitegemea. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kichwani nilikuwa mtangazaji. Nikikaanga vitumbua vya shangazi barazani nilikuwa natangaza habari kwa sauti ya puani mpaka vinaungua, na wateja wakanunua hivyo hivyo kwa kunicheka. Raha ilikuwepo, mwanangu, hata sukari ilipokuwa haba.

Tulikaa karibu na Msimbazi, nyumba ya vyumba sita. Shangazi yangu, Bi Somoe, alikuwa Mngindo wa Liwale, mwanamke wa maneno machache. Chumba cha uani alipanga Mwansa, kijana wa Zambia aliyekuja kusomea sheria. Jioni alifundisha Kiingereza kwenye shule moja ya makarani kule Mchafukoge, akipata mshahara wake. Watoto wa nyumba ile walikuwa watano, wa akina mama watatu, na wote walimwita baba. Si mzaha. Siku Shomari alipopelekwa kutahiriwa, baba yake akiwa melini, Mwansa ndiye aliyemshika magoti mbele ya ngariba. Mtoto alijikaza. Aliyelia ni Mwansa.

Usiniulize kama nilimpenda, nimeshasema. Na usiniulize kama aliniona. Babu yako ni mtu wa Kilwa, unamjua.

Basi habari zikaja kutoka kwao: mama yake mgonjwa, anamtaja yeye tu. Enzi zile mgeni mwenye kipato hakuruhusiwa kutoka nchini mpaka apate cheti cha ofisi ya kodi kwamba hadaiwi. Mwansa akachukua fomu. Fomu inauliza: una watoto wangapi? Mwenye watoto alikatwa kidogo, kapera alikatwa sana. Mwansa akaandika watano, kwa moyo mweupe kabisa, na mimi ndiye niliyemtajia majina na umri. Nikafuatana naye ofisini, kanga mpya kiunoni, kama vile mimi ndiye mama yao.

Karani alikuwa mzee, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una miaka mingapi, kijana?"

"Ishirini na tatu."

"Na huyu Shomari ana kumi na mbili. Ulioa ukiwa darasa la ngapi?"

Benchi zima likacheka. Mwansa hakucheka. "Sijaoa, mzee. Lakini ni wanangu. Wananiita baba."

"Hata mke wangu ananiita baba. Nimwandike?" Halafu akamtazama vizuri, sauti ikalegea. "Sikiliza. Niletee mtu mzima wa nyumba hiyo, atamke mbele yangu kwamba wewe ndiye unayewalea. Akitamka, nagonga mhuri. Asipotamka, utalipa kama kapera."

Kulipa kama kapera maana yake nauli yote ya basi la Zambia ibaki mezani pale. Tukarudi nyumbani mbio. Shangazi alikuwa uani anapepeta mchele.

"Ni neno moja tu, shangazi," nikamwambia. "Useme Mwansa anawalea watoto hawa."

"Anawapenda. Wanaowalea ni mama zao."

"Si ndiyo yale yale? Undugu ni kufaana!"

Akaweka ungo chini. "Hadija, ule mwezi wa Ramadhani huyu mdogo wao, Tatu, alipopata degedege, zahanati walimdunga sindano, hatukutoa hata senti. Unadhani dawa ile iliota mtini? Kuna watu walilipia kwa kodi zao bila kumjua Tatu. Leo huyu anayemjua, anayemwita mwanangu, ndiye atumie jina la Tatu kulipa pungufu? Sitamki."

Mwansa akasema taratibu, "Mama, mama yangu anaumwa."

"Nimesikia, baba. Tangu asubuhi mchele huu naupepeta ule ule."

Akaingia chumbani kwake, akarudisha mlango. Mimi nikalia, nikamwambia shangazi ana roho ya jiwe. Mkubwa anayejua anachokifanya haoni haja ya kugombana na machozi.

Kesho yake Mwansa alirudi kwa yule mzee, akafuta majina yote matano mwenyewe, akalipa. Cheti akapata, nauli hana.

Asubuhi iliyofuata shangazi akajitanda. "Twende." Hakusema wapi. Tukafika Msimbazi, kwenye malori yaliyopakia mapipa ya mafuta ya kwenda Zambia, maana miaka ile njia yao ya kusini ilikuwa imefungwa. Akaulizia dereva Mngoni, akaonyeshwa mmoja, Komba, analala chini ya lori lake. Akampiga teke la kandambili.

"Amka, mwizi wa kuku! Babu zenu walimaliza mabanda yetu yote Ungindo, leo mtalipa."

Komba akatoa kichwa, akatabasamu meno yote. "Nani? Mngindo? Nyie si mlikimbia mkaacha ugali jikoni? Sisi tulifika tukaukuta wa moto, tukashukuru."

"Basi deni la ugali limeiva. Nina mwanangu anakwenda kwao Zambia. Umpakie bure."

"Mwanao Mzambia! Mtani, ulimzaa lini huyo, nikiwa safarini?"

"Ulikuwa umelewa. Utampakia, hutampakia?"

Mngoni atamkatalia nini Mngindo? Utani ni utani. "Aje alasiri. Lakini atakuwa utingo wangu, na akitapika mlimani Kitonga namshusha."

Njiani kurudi nikashindwa kunyamaza. "Shangazi, mbona huku umesema mwanangu, na kule umekataa?"

"Kwa Komba nimeomba kilicho changu kuomba," akasema. "Kule mlitaka niwape cha wenzangu."

Alasiri Mwansa akapanda, watoto watano wakalikimbiza lile lori mpaka pumzi zikawaishia. Mvua zikaja, zikaisha. Akarudi siku moja na kitenge amekikunja kwenye gazeti, akampa shangazi kwa mikono miwili. Alimkuta mama yake hai, akamuuguza, wakazungumza yote, ndipo akamzika. Kitenge kilikuwa cha mama mwenyewe. Kabla hajafa alimwambia mwanawe, "Mpelekee yule mwanamke aliyekataa kusema uongo kwa ajili yangu, halafu akakuleta."

Shangazi yangu, ambaye sikuwahi kumuona analia, siku ile alijifunika kitenge kile uso mzima.

Sasa mwanangu, shika haya. Unakokwenda wewe ni mgeni, na mgeni anakunywa kisima ambacho hakukichimba. Basi jaza fomu yao kwa haki, na usipoelewa mahali, uliza, kuuliza si ujinga. Moyo wako mzuri usiufanye kuwa hoja ya kulipa pungufu. Na hili ndilo ninalolithamini zaidi, maana watu wengi wanaishia nusu: ukimkatalia mwenzako uongo, usikae chini ukajiona mwema. Jitande, utoke, umtafutie njia ya kweli, hata kama ni ya kukaa juu ya mapipa ya mafuta.

Nenda, mwanangu. Mola akupe jina jema ugenini, akupe riziki isiyokuaibisha, na popote utakapokwama akuinulie mtu wa kukukatalia kwa upendo. Amina.