Ami Aliyeitwa Kaka

Nimechoka, na sehemu ya uchovu huu nimeitafuta mwenyewe. Kazi ya wizara pale Al Khuwair inanitosha, na safari ya kurudi nyumbani Al Amerat, kupanda mlima na kuushuka nyuma ya foleni ya magari, inanimaliza. Lakini kimbelembele kiliniponza. Siku moja nilimsahihishia shoga yangu Mwafghani sentensi mbili za Kiingereza za jarida lake, na tangu hapo kila nikitoka kazini napitia kwake kumsomea kurasa.

Jarida liko mtandaoni tu, halina bwana wala chama nyuma yake. Linaandika utamaduni na historia ya Afghanistani: tanuri za mikate, nyimbo za harusi, misikiti ya vigae vya buluu. Watu wakitaka habari za nchi ile wanataka mabomu, na yeye mabomu hayaandiki. Waandishi walipungua mmoja mmoja, wengine kwa hofu, wengine kwa kuchoka kama sisi. Aliyebaki ni mzee mmoja wa Herat, mwalimu mstaafu wa historia, aliyetuma makala zake kwa sauti kwenye simu. Zilitoka bila jina, maana ana mabinti kule na hakutaka mtu awagongee mlango. Shoga yangu akimwita Kaka.

Sikushangaa. Kwetu, baba akioa na kuoa tena, mtu kuwa na kaka wa umri wa kumzaa ni jambo la kawaida. Basi aliponiandikia kwamba Kaka amefariki, nikamwambia mama, "Shoga yangu kafiwa na kaka yake." Mama akapika, akavaa buibui lake, tukaenda.

Tulimkuta peke yake mbele ya kompyuta. Hapakuwa na matanga. Nani wa kuja? Alikuwa akitayarisha makala ya mwisho ya marehemu, na hakuwa amelia. Mara hii alitaka jina litoke. Mzee wa watu ameandika miaka yote kwa kujificha kama mwizi, alisema, na sasa hakuna wa kumfunga. Lakini mabinti walikuwa wamemwomba asithubutu. Hapo ndipo alipokwama: ama amzike mzee wake bila jina, ama awahatarishe mabinti wa mzee. Alizungumza Kiingereza, nami nikimfasiria mama, ulimi mzito kwa uchovu.

Mama akauliza, "Kaka yako huyo, mama yenu mmoja?"

Nikafasiri. Shoga yangu akanitazama kana kwamba nimeropoka. Ndipo alipotueleza kwamba kwa lugha yao kaka ni ndugu wa kiume wa baba. Baba yake alikufa yeye angali mdogo, na huyo ndiye aliyemlea.

"Kumbe ami yake!" Mama akanigeukia kwa hasira, kana kwamba nilimficha. "Tena kamlea? Basi huyu kafiwa na baba, na sisi tumemjia na pole ya kaka."

Akamsogelea, akaifunga ile kompyuta kwa mkono wake, jambo ambalo mimi nisingethubutu, kisha akamshika mikono.

"Ishakuwa, mwanangu. Jina usiliandike, wanawe wako hai. Lakini mie nnataka kumuombea, na siwezi kumuombea mtu hivi hivi. Anaitwa nani, mwana wa nani?"

Nilifasiri taratibu. Shoga yangu akalitaja, jina la mzee na la baba wa mzee, kwa sauti ndogo, maana kuta zina masikio. Miaka yote niliyosoma makala za yule mzee sikuwahi kulisikia. Mama akainua mikono, akaomba, na alipofika kwenye jina akalikosea. Shoga yangu akamsahihisha. Mama akalikosea tena. Akamsahihisha tena, safari hii kwa sauti kubwa, huku analia, nadhani hata majirani walisikia.