Shangazi Ang'oa Mlango

Shangazi yangu ni fundi cherehani, tena kiongozi wa kikundi chetu kidogo cha imani kinachosali katika chumba cha nyuma ya duka lake. Tangu enzi za waanzilishi tulisali mlango ukiwa na komeo, kwa sababu walimwengu waliwahi kuwacheka wazee wetu. Humo ndani Shangazi alifungisha ndoa kwa moyo safi, bila kibali cha serikali. Tulidhani Mungu akishajua, inatosha.

Haikutosha. Mwenzetu mmoja, fundi bomba, alipofariki, ndugu zake walimtoa mkewe nyumbani. Walimwambia hana cheti, basi yeye ni hawara tu. Mjane akaja dukani, akasimama mbele ya cherehani.

"Dada, ulinifungisha ndoa ya hewa," alisema. "Humu sikanyagi tena."

Kesho yake Shangazi alifunga duka, akaenda kwa msajili wa ndoa kuomba kibali. Akazungushwa: mara picha, mara katiba ya kikundi, mara bosi yuko kikaoni. Mimi ningesusa. Yeye alihamishia kazi yake kwenye benchi la ofisi, akawa anapinda suruali za wateja huku akisubiri, mpaka makarani wakaanza kumletea mashati yao yaliyokatika vifungo.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," aliniambia nilipomhurumia, kisha akanituma uzi mweusi.

Hatimaye msajili akampa sharti la mwisho. Ndoa ifungwe mlango ukiwa wazi, ili mwenye pingamizi aweze kuingia na kusema.

Hapo ndipo palipowaka moto. Mzee mwashi, mkubwa wetu kwa umri na kwa ubishi, alisema mlango ule hautafunguliwa wakati wa sala yeye akiwa hai. Shangazi alimsikiliza kwa adabu zote. Halafu akachukua bisibisi, akafungua bawaba, akaulaza mlango juu ya stuli mbili na kuanza kukatia vitambaa juu yake.

"Baba, heshima yako iko palepale," alisema. "Lakini yule mama analala kwa watu."

Mzee alinuna wiki kadhaa, ila hakuacha kuja. Alikaa nyuma akilalamikia upepo.

Kibali kikatoka. Ndoa ya kwanza ilikuwa ya binti wa mjane, aliyeng'ang'ania kuolewa humohumo. Mama yake alikataa katakata kuhudhuria.

"Asipokuja, hajanisamehe," Shangazi aliniambia akimpima binti gauni. "Na haki anayo."

Siku ikafika, kiti cha mama kikabaki kitupu. Shangazi akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Sote tukageukia pale palipokuwa na mlango, na mjane alikuwa amesimama pale. Bibi harusi akamshika bwana harusi mkono. Hata mzee mwashi alisahau upepo wake.

"Nina swali," alisema mjane. "Safari hii kuna cheti?"

Shangazi akakiinua.

"Kipo, dada yangu."

"Basi nipisheni nikae mbele," alisema. "Shahidi wa mwanangu ni mimi."